Wavu Ulioshushwa: Historia Fupi ya Tenisi, Usonji na Mtoto Anayetaka Kucheza

Mpenzi msomaji, tuanze na neno ambalo bila shaka umekwisha kujifunza: wavu. Likiwa katika wingi huwa nyavu, na upatanisho wake unaujua: wavu umechanika, nyavu zimechanika. Huku Mununga, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Nchelenge, sentensi hiyo ya pili ni habari ya kila asubuhi. Wavuvi wa chisense, samaki wadogo mithili ya dagaa wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, hurejea alfajiri, huanika samaki wao mchangani, kisha huketi kuzishona nyavu. Wachuuzi wanaovuka kutoka upande wa Kongo hupatana nao bei kwa Kibemba na kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa hapa hulisikia neno hilo ufukoni kabla mimi sijaliandika ubaoni.

Lakini neno hilo lina maana ya pili: kizuizi kinachotandazwa katikati ya uwanja ili kuwatenganisha wachezaji. Huo wavu wa pili, hasa ule wa tenisi, ndio ninaotaka kukusimulia historia yake. Ninayo sababu ya binafsi. Historia hiyo inamgusa mtoto niliyemkosea.

Miaka kadhaa iliyopita aliletwa darasani kwangu mvulana aliyekuwa na namna yake ya kusema. Nilipomwuliza, "Unataka kusoma?" alijibu, "Unataka kusoma." Nilipomwuliza, "Umefanya kazi ya nyumbani?" alijibu, "Umefanya kazi ya nyumbani." Wenzake walicheka, nami niliamini kwamba ananikejeli. Siku moja mvua kubwa ilipokuwa ikipiga mabati ya paa, alisimama ghafla, akayafunika masikio kwa viganja, akasema kwa sauti ya juu, "Unataka kwenda nje!" Mimi, nikiwa na diploma yangu ya ualimu na kiburi cha miaka michache kazini, nilisikia amri. Nilidhani mtoto ananifukuza katika darasa langu mwenyewe. Nikamtoa mlangoni, na haikuwa siku hiyo tu.

Alichokuwa akisema ni ninataka kwenda nje. Kiambishi cha nafsi ya pili kilikuwa kimeshika nafasi ya kiambishi cha nafsi ya kwanza. Wewe unayejifunza Kiswahili unajua jinsi herufi moja inavyoweza kuipindua sentensi; mimi ninayekifundisha sikuitambua hali hiyo ilipokaa mbele yangu, dawati la tatu kutoka dirishani. Mtu aliyeitambua, akaiandika, alikuwa ameifanya kazi hiyo mwaka 1943.

Mtu huyo ni Leo Kanner, daktari wa watoto na magonjwa ya akili katika hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, Marekani. Katika makala yake ya mwaka huo aliwaeleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambao walipenda mambo yaende kwa mpangilio usiobadilika, walisumbuliwa na kelele, na walionekana kujitenga na watu. Alieleza pia kwamba wengi wao walirudia maneno ya watu kama mwangwi, na kwamba walijiita "wewe" pale walipopaswa kujiita "mimi", kwa kuwa waliyashika maneno kama walivyoyasikia. Mwaka uliofuata, 1944, Hans Asperger alichapisha mjini Vienna uchunguzi wa watoto wanaofanana nao. Kabla ya wote wawili, mwaka 1925, daktari mwanamke wa Kisovieti aitwaye Grunya Sukhareva alikuwa amekwisha kuwaeleza wavulana 6 wa namna hiyo, ila kwa miongo mingi waandishi wa historia hii walimpita bila kumtaja. Nami nilimaliza masomo ya ualimu bila kulisikia jina lake, wala la Kanner.

Jina lililobaki katika lugha nyingi limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi" au "mwenyewe". Katika Kiswahili tunasema usonji, na mtu mwenye hali hiyo ni mtu mwenye usonji. Neno hili limo katika ngeli ya U, wala halina wingi, jambo linalofaa kukumbukwa kwa sababu watu wenye usonji wenyewe ni wa namna nyingi mno. Yupo asiyesema kabisa na yupo asemaye bila kituo. Yupo anayehitaji msaada wa kuvaa nguo na yupo anayefundisha chuo kikuu.

Mtoto wa kwanza katika orodha ya Kanner aliitwa Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Akiwa na umri wa miaka 3, mwaka 1937, wazazi wake walishauriwa wampeleke katika taasisi na kumwacha huko. Walimpeleka, lakini takriban mwaka mmoja baadaye wakamrudisha nyumbani, ingawa si kwa ushauri wa wataalamu. Donald alisoma hadi chuo, akafanya kazi benki, akasafiri nchi nyingi, na alipokuwa mtu mzima akajifunza gofu, mchezo alioucheza kwa miaka mingi mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Sisemi kwamba gofu lilimponya. Usonji si homa ya kupona. Ninachotaka ukione ni kwamba mtoto wa kwanza kuandikwa katika historia hii alicheza, na kwamba aliweza kucheza kwa sababu alikuwa na mji uliomzoea.

Wengi hawakupata mji wa namna hiyo. Kwa miaka zaidi ya ishirini baada ya Kanner, wataalamu mashuhuri wa Marekani na Ulaya waliwafundisha watu kwamba chanzo cha usonji ni mama mwenye moyo baridi asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim aliieneza fikra hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1967. Tayari mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, alikuwa ameikanusha kwa hoja katika kitabu chake, akionyesha kwamba hali hii ina asili katika mwili na ubongo. Lakini lawama ina miguu mirefu kuliko ushahidi. Msomaji wa Afrika asicheke sana. Katika vijiji vyetu, pande zote za ziwa hili, mama wa mtoto asiyesema huulizwa alikosana na nani, alikula mwiko gani, ni jirani yupi aliyemroga. Huko walimlaumu kwa ubaridi, huku tunamlaumu kwa uchawi, na katika pande zote mbili aliyekaa kwenye kiti cha mshtakiwa ni mwanamke.

Je, watoto hawa walikuwapo Afrika siku zote? Lipo jibu la kale kidogo. Mtafiti Victor Lotter, ambaye mwaka 1966 alikuwa amechapisha hesabu ya kwanza ya watoto wenye usonji katika eneo la Middlesex, Uingereza, akapata takriban 4.5 kwa kila watoto 10,000, alikuja barani kwetu, na mwaka 1978 akatoa makala kuhusu usonji wa utotoni katika Afrika. Alikuwa amewachunguza watoto katika miji 9 ya nchi 6, Zambia na Kenya zikiwa miongoni mwake. Aliwapata, ila wachache sana. Zingatia mahali alipotafuta: mijini, ndani ya taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Mtoto wa ufuko kama huu wetu, asiye na taasisi ya kuandikishwa, asingeweza kuhesabiwa hata angekuwa amesimama njiani akipunga mkono. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya hesabu hizi inatokana na watu kujua zaidi namna ya kutazama.

Sasa tuugeukie mchezo.

Tenisi ya uwanja wa nyasi iliingia sokoni Uingereza mwaka 1874, pale Meja Walter Wingfield alipopata hataza ya mchezo wake na kuanza kuuza masanduku yenye raketi, mipira, vigingi na wavu. Uwanja wake ulikuwa na umbo la kushangaza: mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba katikati, kama ngoma iliyobanwa kiunoni. Miaka mitatu tu baadaye, mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalipofanyika mwaka 1877, umbo hilo lilikuwa limetupwa na mstatili umechukua nafasi yake. Wavu wa Wimbledon ya kwanza ulikuwa na urefu wa futi 5 kwenye nguzo, yaani zaidi ya sentimita 150. Mchezaji mfupi angeona upande wa pili kwa shida. Katika miaka michache iliyofuata wavu ulishushwa mara kadhaa, hadi ukafikia kimo tunachokijua: futi 3 katikati, sawa na sentimita 91.4.

Kumbuka kimo hicho, kwa maana watu husema: sheria za mchezo ni sheria, asiyeziweza atafute mchezo mwingine. Historia ya tenisi haiwaungi mkono. Mpira wa tenisi ulikuwa mweupe au mweusi tangu mwanzo. Mwaka 1972 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi liliruhusu mpira wa njano, kwa sababu watazamaji wa televisheni za rangi walishindwa kuuona ule mweupe vizuri. Wimbledon yenyewe, penye watu wasiopenda mabadiliko, iliukubali mwaka 1986. Tafakari jambo hilo, ndugu mwanafunzi. Mpira ulibadilishwa rangi kwa ajili ya mtu aliyeketi nyumbani kwake, kikombe cha chai mkononi, ambaye hachezi kabisa.

Mwaka 1976 kijana wa Marekani aitwaye Brad Parks, aliyepooza miguu baada ya kuumia katika mchezo wa kuteleza thelujini, alianza kucheza tenisi akiwa katika kiti cha magurudumu. Kanuni iliyoongezwa ilikuwa moja tu yenye uzito: mpira unaweza kudunda mara mbili kabla ya kurudishwa, badala ya mara moja. Uwanja ni uleule, wavu ni uleule, raketi ni ileile. Mwaka 1992 mchezo huo ukatolewa medali katika Michezo ya Walemavu ya Barcelona. Kisha kuanzia mwaka 2012 Shirikisho likaamuru kwamba mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake yasitumie mpira wa kawaida. Watoto wadogo kabisa hupewa mpira mwekundu, unaokwenda polepole kwa asilimia 75 kuliko ule wa wakubwa, katika uwanja wenye urefu wa takriban mita 11 badala ya mita 23.77. Wakikua hupewa wa rangi ya chungwa, uliopunguzwa kasi kwa asilimia 50, kisha wa kijani, kwa asilimia 25. Kwa maneno mengine, wenye mchezo wenyewe waliona kwamba mtoto anayeshindwa kuupiga mpira si lazima awe mzembe. Huenda ni mpira unaokwenda mbio kupita kiasi.

Hata hivyo nisikufiche upande wa pili. Katika makoloni tenisi ilikuja pamoja na klabu, na klabu ilikuja pamoja na mlinzi wa lango. Katika miji ya migodi ya ukanda wa shaba wa Zambia, kama Nairobi na Dar es Salaam, viwanja vizuri vilikuwa vya Wazungu, na Waafrika wengi walivikanyaga kwanza wakiwa waokota mipira. Mwaka 2022 Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili pamoja na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, na shangwe yetu ilikuwa kubwa kwa kuwa lango hilo lilikuwa limefungwa muda mrefu. Mchezo uliojua kumpindia sheria mtazamaji wa televisheni ulijua pia kumfungia mtu mlango kwa rangi yake.

Sasa mito hii miwili, wa usonji na wa tenisi, ikutane. Mkutano wao ulitanguliwa na jambo lililofanyika katika ua wa nyumba. Mwaka 1962 Eunice Kennedy Shriver, dada wa rais wa Marekani wa wakati huo, alifungua kambi ya majira ya joto nyumbani kwake Maryland kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ili waogelee, wakimbie na wacheze mpira kama watoto wengine. Dada yao, Rosemary, alikuwa amezaliwa na ulemavu wa akili, akafanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1941 uliomharibu zaidi, kisha akafichwa katika taasisi. Kambi ile ilizaa, tarehe 20 Julai 1968, mashindano ya kwanza ya Special Olympics katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, yenye wachezaji wapatao 1,000. Tenisi leo ni miongoni mwa michezo yake rasmi. Mwaka 2019 mashindano yake ya dunia yalifanyika Abu Dhabi, kwa mara ya kwanza katika Mashariki ya Kati, na zaidi ya wachezaji 7,000 wakashiriki. Lakini harakati hiyo ni ya watu wenye ulemavu wa akili, na watu wengi wenye usonji hawana ulemavu huo. Wapo watoto wanaobaki katikati: hawafai kule, hawapokelewi huku.

Kwa watoto hao, mwaka 2008, mkufunzi wa tenisi Richard Spurling na mkewe Shafali Jeste, daktari wa mishipa ya fahamu ya watoto, walianzisha mjini Boston programu iitwayo ACEing Autism, ambayo baadaye ilienea katika miji mingi ya Marekani. Nimeichagua kwa sababu kazi yake ni rahisi kueleza na haihitaji jengo. Watoto hukusanyika mara moja kwa wiki. Kila mmoja huwa na mtu wake wa kujitolea, mara nyingi kijana wa sekondari au wa chuo. Mmoja kwa mmoja. Raketi ni fupi, mipira ni laini na ya polepole, na shughuli hugawanywa katika vipande vifupi vinavyofuatana kwa mpangilio uleule kila juma.

Mpangilio huo ndio moyo wa jambo. Mtoto mwingi wa usonji husumbuliwa na asichokitarajia. Basi mkufunzi mwenye busara humwonyesha kwa picha kitakachofuata: kwanza kunyoosha viungo, kisha kudundisha mpira, kisha kupiga juu ya wavu, kisha kunywa maji. Kila kipande kikikwisha, picha yake hugeuzwa. Mahali pa kusimama pawekwe alama chini, kwa maana "simama pale" ni maneno yanayoelea hewani, bali duara la chokaa linaonekana. Amri iwe fupi, na neno liwe moja siku zote. Ukisema "piga" leo, usiseme "chapa" kesho. Firimbi iachwe nyumbani. Mtoto akiziba masikio apumzishwe pembeni bila kukemewa, na akirudi asiulizwe kwa nini aliondoka. Idadi ya mipira itangazwe mapema, kumi, na baada ya mpira wa kumi mkufunzi asiongeze "mmoja wa mwisho", kwa kuwa kumi ilikuwa ahadi. (Nilipoyasoma haya niliwaza kwamba hata darasa langu la watoto wasio na usonji lingefaidika na mwalimu anayetimiza kumi yake.)

Kwa nini tenisi, wala si kandanda inayopendwa hapa na kila mtoto? Kandanda ni msongamano. Watu 22 wanakimbia, wanagusana, wanapigiana kelele, mpira unatoka upande usioujua, na lawama zinakuja kutoka pande zote. Katika tenisi kila mtu ana upande wake. Wavu umesimama katikati, na hakuna atakayekugusa. Mpira unatoka mahali pamoja, nawe unaurudisha mahali pamoja. Na hapa, msomaji wangu, ndipo nilipokumbuka dawati la tatu kutoka dirishani. Mtoto anayekurudishia neno lako kama ulivyompa, darasani tunamwita mkaidi. Katika tenisi, kukurudishia ulichompa ndiyo kazi yenyewe.

Tujiulize basi kama jambo hili ni hisani au ni haki. Tarehe 13 Desemba 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ukaanza kutumika mwaka 2008. Ibara yake ya 30 inazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu wanashiriki sawa na wenzao katika michezo, burudani na mapumziko, shuleni pakiwamo. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Zambia mwaka 2010. Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na Zambia ikatunga yake mwaka 2012. Maana yake ni kwamba mwalimu anayempeleka mtoto kukaa chini ya mti wakati wenzake wanacheza hatendi kosa la ukosefu wa huruma peke yake. Anakwenda kinyume cha ahadi ambayo nchi yake imetia saini.

Sheria nayo ina lugha yake, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi. Hapa Zambia, kwa miaka mingi baada ya uhuru, tuliendelea kutumia sheria ya kikoloni kuhusu magonjwa ya akili iliyowagawa watu kwa maneno ya Kiingereza ambayo tafsiri zake ni mazezeta na mapunguani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 5 cha sheria hiyo, chenye maneno hayo, kinakwenda kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Bunge likatunga Sheria ya Afya ya Akili badala yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, imekwenda mbele zaidi: inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hebu fikiri: namna ya kuitwa, jambo la lugha tupu, imeandikwa ndani ya katiba.

Nawe umekwisha kuona kwamba Kiswahili kina kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno yenye umbo la ngeli ya vitu, ya kiti na kisu, ingawa upatanisho wake ni wa watu, kwa kuwa twasema kipofu amefika, si kimefika. Wapo wenye ulemavu wanaoyatumia bila kinyongo, na wapo wanaoyakataa. Mimi naona ni salama zaidi kuanza na mtu: mtu mwenye ulemavu wa macho, mtoto mwenye usonji. Maneno taahira na zezeta yasome katika kamusi ili uyajue ukiyasikia, kisha yaache humo humo.

Nchini Kenya waliozisukuma hatua hizi mbele walikuwa wazazi. Chama cha usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na mwaka huohuo kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika shule ya msingi ya City, mjini Nairobi. Uingereza pia wazazi ndio walioungana, mwaka 1962. Sijaona mahali katika historia hii ambapo walimu tulitangulia. Tulifuata, na wengine wetu tulifuata kwa kuburutwa.

Mimi niliburutwa na mama wa yule mvulana. Alikuja shuleni asubuhi moja akitokea ufukoni, kanga yake ikiwa bado na magamba ya samaki. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mwalimu, shikamoo ya leo naomba iwe swali. Mwanangu akisema 'unataka maji', mimi humpa maji. Wewe humpa nini?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi siku ileile. Kwa mtoto ilinichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu sikujua aombwe radhi kwa lugha gani. Mama yake ndiye aliyenieleza kwamba jioni huupiga mpira wa matambara ukutani kwa kipande cha ubao, huku akihesabu, na kwamba hesabu ikikatizwa huanza upya kutoka moja.

Shule yetu haina uwanja wa tenisi. Lakini kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo nyavu hukaa bure. Mvuvi mmoja alituazima wavu wake mkuukuu uliojaa viraka. Tuliufunga kwenye nguzo mbili za mti, tukaushusha mpaka kiunoni mwa mtoto, chini ya kile kimo cha Wimbledon, nikachora duara mbili za chokaa. Miezi hiyo ni ya masika kwetu, kwa hiyo mvua iliifuta chokaa mara nyingi kuliko tulivyocheza. Mipira tuliikata katika sponji ya godoro la zamani. Raketi zilikuwa mbao, na upande wa pili wa wavu alisimama mwanafunzi wa kidato cha juu, mmoja kwa mmoja, aliyeagizwa kusema neno moja tu: "Piga."

Mpira wa kwanza ulimpita. Wa pili ukampiga kifuani, akautazama ukianguka. Wa nne aliupiga, ukagonga wavu. Wa saba ulivuka. Nilihesabu hadi kumi, nikanyamaza kama nilivyoahidi, nikageuza kadi ya picha, ile yenye kikombe cha maji. Hakwenda kunywa maji. Alirudi katika duara lake la chokaa, akainua ubao, akanitazama, si machoni bali karibu na bega, akasema, "Unataka tena."

Nikaokota mpira.